Jumamosi ya penseli kwenye mikoko ya Kunduchi

NI saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Chini ya mbuyu mkubwa, karibu na magofu ya kale, watoto kumi na wanne wamekaa juu ya magunia. Kila mmoja ana penseli, karatasi nyeupe tano na kipande cha boksi kilichokatwa kwa kisu kiwe ubao wa kuandikia. Karatasi zimeshikwa na vibanio vya nguo.

Hakuna aliyeruhusiwa kuja na raba.

"Leo hakuna kufuta," anasema mwalimu wa sanaa anayeongoza matembezi hayo. "Mstari ukienda vibaya, uache hapo hapo, chora mwingine pembeni yake. Mti haukasiriki."

Watoto wanacheka. Nyuma yao wamesimama wazazi tisa, wengi wakitazama simu. Mmoja wao, mama aliyejifunga ushungi wa bluu, amekaa kando na mwanawe wa miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la nne.

Saa kama hiyo, kwa kawaida, kijana huyo yupo tuisheni. Mwaka huu ana mtihani wa upimaji wa taifa, na matokeo yake ya muhula hayakuwa mazuri. Usiku uliotangulia, nyumbani kulikuwa na mabishano. Baba hakuona sababu ya kuacha hesabu ili mtoto akachore majani. Mama naye hakuwa na jibu la kumridhisha. Alichojua ni kwamba mtoto amekuwa mkimya, madaftari yake yamejaa wino mwekundu, na siku hizi akiulizwa jambo hujibu "sijui" kabla swali halijaisha.

Asubuhi hiyo, alipokabidhiwa karatasi, alijibu vilevile.

"Sijui kuchora."

Mwalimu hakumbishia. Alimwambia, "Vizuri. Basi leo usichore. Tazama tu, mkono ufuate macho."

Kuchora bila kutazama karatasi

Zoezi la kwanza ni rahisi na linachekesha. Kila mtoto anachagua tawi moja la mbuyu, analitazama, na kuanza kulifuata kwa penseli bila kuangalia karatasi wala kuinua mkono. Dakika mbili, kimya.

Matokeo huwa ni michirizi isiyofanana na kitu chochote. Hilo ndilo lengo. Mtoto anayeogopa kukosea hugundua kwamba wote wamekosea, hata wakubwa. Na kwa dakika hizo mbili amefanya jambo ambalo huenda hajawahi kulifanya maishani: ametazama tawi moja kuanzia shinani hadi nchani.

Wengi wa watoto hao wanajua ubuyu mwekundu wa kwenye mfuko wa nailoni, unaouzwa dukani kando ya shule. Wachache walijua kwamba unatokana na mti huu. Mwalimu anawaonyesha kibuyu kikavu chenye manyoya laini, anakipasua juu ya jiwe, na kila mtoto anapata punje ya kumung'unya ikiwa nyeupe, haina sukari wala rangi. Anawaambia pia kwamba ua la mbuyu hufunguka jioni, na popo ni miongoni mwa wageni wanaolitembelea usiku na kubeba chavua kutoka mti hadi mti.

"Kwa hiyo popo anatuletea ubuyu?" anauliza msichana mmoja.

"Andika hilo," anasema mwalimu.

Kuandika ni sehemu ya kazi. Pembeni ya kila mchoro, mtoto anaandika sentensi tatu zinazoanza hivi: Naona. Najiuliza. Inanikumbusha. Utaratibu huo umeenezwa na John Muir Laws, msanii na mwalimu wa mazingira wa California, Marekani, na sasa walimu wa nchi nyingi wanautumia kwa sababu hauhitaji chochote zaidi ya penseli. Sentensi ya kwanza inamfunza mtoto kuangalia. Ya pili inampa ruhusa ya kutojua. Ya tatu inaunganisha kipya na kile alichokwisha kukiona.

Kutoka kwenye mbuyu, kundi linapita kando ya magofu. Hapo pana mabaki ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, mengine ya karne ya 18, ambayo zamani yalipambwa kwa sahani na bakuli za Kichina. Watoto wanaambiwa wasiguse wala kukanyaga, kwa kuwa hao waliolala pale ni wazee wa watu. Wanachora kwa mbali jinsi mizizi inavyoingia kati ya mawe ya matumbawe.

Juu ya ukuta wametua kunguru. Mwalimu anasimama. "Wangapi wanajua kunguru?" Mikono yote inanyooka. "Ana rangi gani?" Wote wanajibu: mweusi.

Wanatazama upya. Shingo ni ya kijivu. Huyo ndiye kunguru aliyeletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kula uchafu wa mji, kisha akaenea pwani nzima. Yupo mwingine, mkubwa zaidi, mwenye kifua cheupe, ambaye ni mwenyeji wa Afrika. Watoto wamepita chini ya ndege hawa tangu wazaliwe, na hakuna aliyekuwa ameiona ile shingo. Kijana wa darasa la nne anaandika neno moja: kijivu.

Maji yakipwa

Matembezi haya hayapangwi kwa saa ya ukutani. Yanapangwa kwa mwezi. Siku za karibu na mwezi mpevu na mwezi mchanga ni siku za bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani ya Dar es Salaam, siku hizo maji hufika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za maji mafu bahari haitoki mbali, na tope la mikokoni halionekani vizuri.

Saa tatu na nusu kundi linaingia kwenye kinjia cha mikokoni. Waliovaa kandambili wanajuta mapema, zinabaki topeni mguu unapoinuka. Waliovaa viatu vya plastiki vya kufunga wanatembea kwa raha. Harufu ni ya chumvi na majani yaliyooza, na mtoto mmoja anaziba pua kwa muda wa kama dakika tano, kisha anasahau.

Kwa macho ya haraka, mikoko yote ni vichaka vya kijani. Penseli ndiyo inayoitenganisha. Mti wa kwanza una mizizi iliyojikunja kama miguu ya buibui, ikianzia juu ya shina na kushuka topeni. Matunda yake yananing'inia marefu na membamba, kwa sababu mbegu huota ikiwa bado juu ya mti, kisha huanguka na kujichomeka au kuchukuliwa na maji. Mti wa pili hauna miguu hiyo. Badala yake, ardhi yote kuuzunguka imejaa vijiti vilivyosimama wima, mamia kwa mamia.

"Penseli!" anapiga kelele mtoto mdogo kuliko wote.

Ni mizizi ya kupumulia. Tope la mikokoni karibu halina hewa, kwa hiyo mizizi hupanda juu kuifuata, na maji yakipwa hupumua. Mwalimu anachuma jani la mti huo na kuwaambia waliguse upande wa chini kwa ulimi. Nyuso zinakunjamana. Ni chumvi. Mti hunywa maji ya bahari, kisha hutoa sehemu ya chumvi kupitia majani.

Zoezi la hapa ni la nusu saa. Kila mmoja anachagua eneo lenye ukubwa wa karatasi yake, hapo hapo topeni, na kuchora kila kilichomo. Hakuna kusogea.

Dakika tano za kwanza watoto wanalalamika kwamba hamna kitu. Kisha tope linaanza kusogea. Kaa wadogo, ambao walijificha waliposikia vishindo, wanatoka mashimoni mmoja mmoja. Dume ana gando moja kubwa kupita kiasi, na jingine dogo la kulia chakula. Anapunga lile kubwa juu na chini. Samaki mdogo mwenye macho ya juu ya kichwa anaburuta mwili juu ya tope kwa mapezi, anaruka, anatulia. Konokono wamejipanga kwenye shina. Yangeyange mweupe anapita akinyata.

Kijana wa darasa la nne amechuchumaa. Hajainua kichwa kwa dakika ishirini. Amechora shimo, kaa, gando, na tena gando, mara sita, kila mara kwa pembe tofauti. Kwenye mstari wa pili ameandika: *Najiuliza kwa nini wote hawatumii mkono mmoja. Wengine kulia wengine kushoto.*

Mwalimu anasoma, kisha anachuchumaa naye kuhesabu. Ni kweli. Kati ya madume kumi na moja wanaoonekana, saba wana gando kubwa la kulia, wanne la kushoto.

"Mimi sikuwa nimeona," anasema mwalimu. "Sijui kwa nini."

Kwa mtoto aliyezoea kwamba mwalimu anajua na yeye hajui, kusikia neno hilo kutoka kwa mtu mzima ni jambo geni. Anamtazama mama yake.

Boriti za babu

Mama huyo alikuwa amebaki nyuma, akiinua gauni lisiguse tope. Mwalimu alipowaonyesha watoto mti wa tatu na kusema hana hakika na jina lake, yeye alilitaja kwa sauti ndogo.

"Mkandaa."

Watu waligeuka. Mwalimu akamwomba arudie. Akarudia, na hakuishia hapo. Ule wenye miguu ni mkoko wenyewe. Ule wa penseli ni mchu. Mkandaa gome lake hutoa rangi nyekundu. Kule mbele, wenye tunda la mviringo kama mpira, ni mkomafi.

"Mama umesomea haya?" anauliza mwalimu.

"Nimezaliwa Rufiji," anajibu. "Deltani."

Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Zanzibar na hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Nyumba za mawe za mwambao zilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti: dari haliwezi kuwa pana kuliko mti unaolibeba. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba na virefu.

Baba yake alikuwa mkata boriti, enzi ambazo kazi hiyo ilikuwa na vibali na wanunuzi. Yeye alikua akisikia watu wakihesabu kwa korija, boriti ishirini ishirini. Alifundishwa kutambua mti kwa gome lake gizani, kwa vidole. Alipokuja mjini kusoma, alicheka wasichana waliosema kwao ni matopeni, na wakamcheka yeye. Tangu hapo hakulisemea. Mwanawe ana miaka tisa na hakuwahi kusikia neno korija.

"Babu alikuwa anakata hii?" mtoto anauliza.

"Hii. Na ile."

"Alikuwa anajuaje ipi nzuri?"

Mama alisimama kidogo. Kisha aliacha gauni liguse tope, akaushika mkono wa mwanawe na kuupitisha kwenye shina la mkandaa, kutoka juu kwenda chini, polepole. Mwalimu alimpa karatasi. Alikataa mara mbili, ya tatu akaipokea. Mchoro wake haukuwa mzuri, na aliwaambia wote hivyo. Lakini majina manne aliyoandika pembeni yake, watoto wote kumi na wanne waliyanakili.

Visiki navyo vichorwe

Si kila kilicho mikokoni kinapendeza. Kuna mifuko na chupa za plastiki zilizonaswa kwenye mizizi, na kandambili za watu wasiojulikana. Upande wa nchi kavu kuna visiki vipya, na karibu yake kifusi kilichomwagwa hadi kwenye mizizi ya kupumulia, kikaifunika. Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa kisheria.

Mwalimu hafichi sehemu hiyo wala hatoi hotuba. Anawaambia wachore na visiki, wahesabu, waandike tarehe. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akirudi na nyavu begani, anasimama kuangalia. Watoto wanamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo babu," naye anaitikia, "Marahaba wajukuu zangu." Anawaonyesha kwa kidole hadi wapi miti ilifika alipokuwa kijana. Anasema kamba na samaki wengi huanza maisha humu kwenye mizizi, wakiwa wadogo kama punje ya mchele, kwa sababu wakubwa hawawezi kuingia kuwala.

"Ukikata hapa," anasema, "unakuwa umeshakula samaki wa kesho."

Karatasi zenye tarehe zitabaki kwa mwalimu kwenye faili moja. Baada ya miezi sita, watoto watasimama pale pale na kuchora tena.

Si lazima iwe Kunduchi

Mzazi anayesoma haya akiwa Tabata, Mbagala, Morogoro au Mwanza hahitaji mikoko. Mtaa wowote una mwarobaini, ukuta wenye mijusi, mtaro wenye vyura baada ya mvua, au mkrismasi unaowaka mwekundu mwisho wa mwaka, mti ambao asili yake ni Madagaska. Jijini Dar es Salaam kuna pia eneo la Chuo Kikuu, Mlimani, na Bustani ya Mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa wakati wa Wajerumani. Nairobi, chama cha Nature Kenya kina desturi ya miaka mingi ya matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi.

Wala mtoto hahitaji vifaa vya bei. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania na kuja Dar es Salaam kutafuta kazi, hakusomea sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alichora wanyama na ndege juu ya hadibodi kwa rangi za kawaida za dukani, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935, alianza kwa kutazama wanyama wa utotoni mwake. Akaja kuwa mwalimu wa sanaa Makerere, na kitabu chake kuhusu wanyama wa Afrika Mashariki, chenye michoro yake mwenyewe, wanasayansi wanakitumia hadi leo. Kwake, kuchora kulikuwa njia ya kufikiri.

Wanaoongoza matembezi ya aina hii hukubaliana juu ya mambo machache:

Kwanza, muda uwe mfupi. Saa moja na nusu inawatosha walio chini ya miaka saba, saa tatu kwa wakubwa wao. Kuanza mapema ni muhimu, jua likipanda ndege hunyamaza na watoto huchoka.

Pili, penseli moja, kichongeo, karatasi zisizo na mistari, na kitu kigumu cha kuwekea. Maji ya kunywa, kofia, viatu vya kufunga. Ufukweni au mikokoni, mzazi aulize wavuvi wa hapo maji yanapwa saa ngapi na yanarudi saa ngapi, na kundi litoke kabla hayajaanza kupanda.

Tatu, mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu au wanne karibu na maji. Mtoto asiweke mkono kwenye shimo wala chini ya jiwe ambalo hajaliona ndani.

Nne, mzazi naye achore. Mtoto akimwona mama au baba anakosea na kuendelea, hapati somo lingine lililo bora zaidi.

Tano, asisifiwe kwa neno "nzuri" tu. Aulizwe, "Umeona nini hapa?" Swali hilo humrudisha kwenye kitu chenyewe.

Jioni

Saa tano na nusu maji yameanza kurudi. Yanaingia kimya kati ya mizizi, na kaa wanaziba milango ya mashimo yao kwa tope. Kutoka ufukweni, kisiwa cha Mbudya kinaonekana karibu kana kwamba mtu angeweza kukifikia kwa miguu. Watoto wananawa miguu kwa ndoo, wanakula mihogo ya kukaanga, na kuoneshana karatasi.

Nyumbani, baba aliporudi jioni, alikuta mchoro wa kaa umebanwa kwenye wavu wa dirisha kwa kibanio cha nguo. Aliusoma. Aliuliza nani ameandika swali lile la mkono wa kulia na kushoto. Kijana akasema ni yeye.

"Na jibu lake?"

"Sijui," alisema mtoto. Kisha akaongeza, "Hata mwalimu hajui. Tunarudi kuhesabu."

Neno lilikuwa lile lile, ila safari hii halikufunga mazungumzo. Usiku huo ndipo mtoto alipomwuliza mama yake korija tatu ni boriti ngapi, akajibu mwenyewe kabla hajaambiwa. Baba, aliyekuwa akisikiliza huku akitazama taarifa ya habari, alipunguza sauti ya televisheni.

Jumamosi iliyofuata kijana alikuwa tuisheni kama kawaida. Mtihani bado upo, na hesabu bado ni ngumu. Lakini baada ya hapo ni bamvua nyingine. Baba ndiye aliyeuliza maji yatapwa saa ngapi.